Moto wa Ukurasa wa Arobaini na Saba

Ukimpelekea Mama Chapa kitabu cha kale, hakifungui kwanza. Hukiweka kiganjani akakipima uzito kama mtu anayenunua mkate, kisha hukigeuza akatazama mgongo wake, pale nyuzi za kushonea zinapoanzia. Halafu hufungua ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ambao wasomaji wengi huuruka kama dimbwi la njiani, akasoma kila kilichomo: mwaka, mchapaji, toleo, chapa. Akishamaliza ndipo hukusalimia upya, kana kwamba ndiyo kwanza unaingia.

Jina hilo hakupewa na wateja. Alipewa na watoto wa mtaa, waliosikia watu wazima wakiuliza yuko wapi yule mama wa mambo ya chapa, nao wakadhani ni mama anayechapa watu. Kwa miaka kadhaa walipita mbele ya dirisha lake mbio mbio. Hakuwahi kuwasahihisha. Alisema watoto wakipita mbio, dirisha linadumu.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi, mali ya shemeji yake. Ili umfikie ulipita kati ya mabunda ya karatasi na mashine ya kutolea nakala iliyounguruma kutwa nzima. Ndani mlikuwa na meza moja, viti viwili, kioo cha kukuzia, rula ya chuma na brashi laini ya rangi aliyoitumia kufutia vumbi. Hakuuza vitabu. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu ni kitu gani wanacho, na mara nyingi walichokuwa nacho si kile walichodhani.

Wakili mmoja alimjia na kitabu cha historia kilichofungwa kwa ngozi, amekibeba kwa mikono miwili kama kichanga.

"Mama, hiki ni cha kwanza kabisa. Tazama, kimejisema chenyewe: Toleo la Kwanza."

"Soma na mstari wa chini yake, mwanangu."

Wakili akainama. "Chapa ya nne."

"Basi. Maneno ni yale yale, hayakubadilishwa, ndiyo maana wanasema toleo la kwanza. Lakini mtambo uliwashwa mara nne. Umeniletea mtoto wa nne. Kifungua mimba hayumo humu."

"Lakini marehemu baba aliniambia..."

"Marehemu hakusema uongo. Alisoma mstari mmoja tu."

Hayo hakuyasoma shuleni. Akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili aliajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji chenye mitambo mitatu na wafanyakazi thelathini, awe msahihishaji wa prufu. Prufu ni karatasi ya majaribio inayotolewa kabla kitabu hakijachapwa. Yeye aliisoma akiilinganisha na mswada wa mwandishi, neno kwa neno, na alipoona kosa alilizungushia penseli nyekundu. Siku hizo maneno yalipangwa kwa mkono, herufi moja moja za madini ya risasi, zikichomolewa kutoka kwenye sanduku pana lenye vijumba vingi. Mpanga herufi alizisoma kinyumenyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Aliyekuwa hodari kuliko wote pale aliitwa Vidole. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye mke na mtoto mchanga, na mikono yake ilikwenda kwenye sanduku la herufi bila macho kuifuata. Yeye na msahihishaji hawakuwa marafiki wala maadui. Walisalimiana asubuhi, wakaagana jioni, na katikati walipelekeana karatasi.

Mwaka wa pili wa msahihishaji kiwandani, uliletwa mswada wa mashairi wa mwalimu mmoja wa shule ambaye hakuna aliyemjua. Ulikuwa diwani ndogo, kurasa tisini na sita. Katika ukurasa wa arobaini na saba mwalimu alikuwa ameandika: Nimeacha moyo wangu, mlangoni kwa wenyewe. Mkono wa Vidole uliingia kijumba cha jirani, ukaokota herufi moja isiyo yake. Prufu ikatoka hivi: Nimeacha moto wangu, mlangoni kwa wenyewe.

Msahihishaji aliliona mara moja. Penseli ilikuwa mkononi. Akausoma mstari kwa sauti ndogo, akausoma tena. Mizani haikupungua wala vina havikuvunjika. Na maneno yale mapya yalimpendeza kuliko ya mwenyewe. Kuacha moyo mlangoni, alijiambia, kila mshairi ameshauacha. Lakini moto! Nani anaacha moto mlangoni kwa watu, na asubuhi wataamka wakute nini? Alikuwa na miaka ishirini na minne, amesoma maelfu ya kurasa za watu wengine, na hakuna hata neno moja duniani lililokuwa lake. Akaipita ile sehemu bila kuweka alama, akatia sahihi chini ya karatasi.

Zilichapwa nakala mia tano, zikafungwa kwa kitambaa cha kijani. Karibu nusu zilikuwa zimeshatawanyika kwa watu mwalimu alipofika kiwandani na nakala yake, shati limechomekwa vizuri, hana hasira.

"Samahanini jamani," alisema, "mimi sijaacha moto popote."

Msimamizi wa kiwanda hakuwa mtu wa samahani. Aliwasimamisha Vidole na msahihishaji mbele ya meza yake akauliza swali moja: nani? Vidole alikiri palepale kwamba huenda aliokota herufi vibaya, hilo humpata kila mpanga herufi, ndiyo maana kuna prufu. Msimamizi akamgeukia msahihishaji.

"Wewe hukuliona?"

Karatasi za prufu zilikuwa zimeshatupwa, kama kawaida kitabu kikiisha. Hakukuwa na cha kumsuta.

"Niliona," alisema. "Nikaweka alama nyekundu. Hakurekebisha."

Sentensi tatu, na ile ya katikati ilikuwa ya uongo. Vidole alimtazama, akaitazama mikono yake mwenyewe. Kuokota herufi vibaya ni ajali; kupuuza alama ya msahihishaji ni uzembe, na uzembe ulikuwa na adhabu moja. Aliondoka siku ileile na koti lake begani. Nakala zilizobaki ziliharibiwa, herufi ikabadilishwa, na baada ya mwezi ikatoka chapa ya pili yenye moyo mahali pake.

Miaka tisa baadaye kiwanda kilifungwa na wote waliobaki wakaenda kila mtu na njia yake. Yeye hakuolewa. Alisahihisha vitabu vya shule nyumbani, akanunua vitabu chakavu, akagundua kwamba macho yake yalikuwa yanajua vitu ambavyo watu wengine hawavioni. Alijua kwamba herufi za risasi hung'ata karatasi, ukipapasa nyuma ya ukurasa unazisikia kwa ncha ya kidole, na kwamba mitambo mipya huacha ukurasa laini kama shavu la mtoto. Alijua jalada la nje la karatasi lililohamishwa kutoka kitabu kingine, kwa sababu mikunjo yake haikai sawa na ubao wa jalada la ndani. Alijua mwaka ulioandikwa mbele usipolingana na ule wa nyuma, mmoja wao unasema jambo.

Mwalimu wa mashairi alikufa akiwa maarufu, na watu wakaanza kuitafuta diwani yake ya kwanza. Ukurasa wa nyuma ya jina haukuwa na msaada: chapa zote mbili ziliandikwa mwaka uleule, kitambaa kilekile cha kijani, kurasa zilezile. Hakuna aliyejua kuzitenganisha. Daktari wa meno mmoja, mpenzi mkubwa wa vitabu, alikuwa na nakala mbili na alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya hizo. Akasikia kuna mama aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda kile.

"Fungua ukurasa wa arobaini na saba," Mama Chapa alimwambia. "Ukikuta moto, ni ya kwanza. Ukikuta moyo, ni ya pili."

Daktari alifungua moja, akaguna. Akafungua ya pili, akaruka kwenye kiti kama yeye ndiye anayeng'olewa jino. "Imekuwaje, mama?"

"Kosa la mpanga herufi," alisema. "Aliwekewa alama, hakurekebisha."

Hakulazimika kuongeza maneno hayo ya mwisho. Yalitoka yenyewe, kama mtu anayetaja anwani yake. Daktari alimpelekea habari mkutubi wa maktaba kuu, naye akaandika kwenye kadi ya diwani ile: Chapa ya kwanza hutambuliwa kwa neno "moto" badala ya "moyo", uk. 47, kutokana na uzembe wa mpanga herufi. Kwa neno lile moja Mama Chapa alipata jina mjini. Kila aliyekuwa na kitabu cha kale alimfuata yeye. Wajanja nao hawakukawia: wengine walikwangua y kwa wembe wakachora t kwa wino, naye aliinua ukurasa dirishani akawaonyesha pale karatasi ilipokonda. "Kazi nzuri," aliwaambia. "Karatasi ingekuwa nene zaidi, ungenipata."

Ndivyo alivyoishi mpaka akafika miaka sitini na minane.

Siku ya Jumanne asubuhi, mwanamke wa makamo mwenye sare ya uuguzi alipita kati ya mabunda ya karatasi, akakaa bila kuambiwa, akatoa kitabu kwenye mkoba.

"Shikamoo mama. Nimesikia redioni kwamba kitabu hiki kinatafutwa. Nataka tu kujua ni chenyewe au sicho."

Mama Chapa alikipokea. Kilikuwa cha kijani, lakini hakikufungwa kiwandani. Nyuzi zilishonwa kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu asiye mshonaji, na ukingo wa kurasa haukukatwa sawa. Mtu alikuwa amebeba karatasi zisizofungwa akazifunga mwenyewe. Alipapasa nyuma ya ukurasa. Akafungua arobaini na saba. Moto.

"Ni chenyewe," alisema. "Ni chapa ya kwanza, na cha namna hii sijawahi kukiona. Umekipata wapi?"

"Ni cha baba. Tulikuwa tunasafisha chumba chake, nikakikuta chini ya sanduku la mihuri." Muuguzi alicheka kidogo, bila furaha. "Unajua mama, hilo kosa linalotafutwa ndilo la baba. Yeye ndiye aliyepanga. Ndilo lililomfukuzisha kazi nikiwa mchanga. Nashangaa watu wanahangaikia kitu ambacho nyumbani kwetu kilikuwa hakitajwi."

Mama Chapa alikifunga kitabu polepole.

"Baba yako yuko hai?"

"Yuko. Masikio ndiyo yamechoka, lakini ukikaa upande wa kulia anakusikia. Unamfahamu?"

"Tulifanya kazi pamoja," alisema.

Muuguzi alisubiri kidogo, alipoona hakuna la zaidi akaandika anwani yao kwenye karatasi, endapo mama angependa kumsalimia mzee, akaenda zake kazini. Mama Chapa alifunga ofisi kabla ya saa sita, jambo ambalo shemeji yake hakuwa amelishuhudia tangu ampe chumba kile.

Alikuwa akiishi na mdogo wake, fundi wa sare za shule, mjane wa nduguye yule shemeji, asiye na breki mdomoni. Alimkuta jikoni anakata vitunguu. Alisimama mlangoni akamweleza yote, tangu penseli hadi muuguzi, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kurasa ngapi zimepungua.

Mdogo wake aliweka kisu chini.

"Dada. Miaka arobaini na minne?"

"Arobaini na minne."

"Na mimi siku zote unapokaa kimya mezani nadhani ni vidonda vya tumbo. Nimekupikia uji usio na chumvi bure!" Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na ilikuwa vigumu kujua ni vitunguu au la. "Sasa unangoja nini? Unangoja afe, uandike na hilo kwenye kadi?"

"Nitamwambia nini?"

"Hilo hilo uliloniambia mimi. Ila yeye mwambie umekaa. Habari mbaya haisemwi mlangoni."

Alikwenda Jumamosi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, mlango umepakwa rangi ya kahawia, na ukutani sebuleni palikuwa na rafu iliyojaa mihuri ya mpira yenye vishikio vya mbao: ya shule, ya maduka, ya vyama vya akiba, ya waganga wa mifugo. Baada ya kufukuzwa, Vidole alikuwa amekaa miaka mitatu bila kazi ya maana, kisha akajifunza kutengeneza mihuri, na hiyo ndiyo iliyosomesha watoto. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mrefu bado hata akiwa kitini. Mama Chapa alikaa upande wa kulia. Muuguzi alileta chai, naye akakaa.

"Nakukumbuka," mzee alisema. "Penseli nyekundu."

"Ndiyo. Nimekuja kwa ajili ya hiyo penseli." Alikishika kikombe bila kunywa. "Ile alama sikuweka. Nililiona kosa, nikaliacha kwa kutaka. Nikamwambia msimamizi kwamba niliweka. Nilisema uongo, nawe ukafukuzwa."

Mzee alimwinamia kidogo. "Hebu rudia. Hukuweka?"

"Sikuweka."

"Haikuwepo kabisa? Hata nukta?"

"Hata nukta. Karatasi ilikuwa safi."

Akaegemea kiti. Midomo ilichezacheza, kama anayesoma kitu kinyumenyume.

"Nilikwenda kupimwa macho mara mbili," alisema hatimaye. "Mara mbili. Daktari akaniambia macho ni mazima. Nikasema basi ni akili. Maana nilikumbuka ile karatasi, nilikumbuka ni safi, lakini wewe ulisema uliweka, na wewe hukuwa mtu wa kukosea. Kwa hiyo kila muhuri niliotengeneza, miaka yote, nilimpa mke wangu asome. Kisha mtoto asome. Kisha nausoma mwenyewe. Watu walidhani ni umakini." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo haikuwepo."

"Haikuwepo, kaka. Nisamehe."

"Kwa nini uliliacha?"

"Niliona ni zuri kuliko lile lake."

Mzee aliusoma mstari kwa sauti, kwanza na moyo, kisha na moto. Alikuwa anaukumbuka wote. "Zuri ni zuri," alisema. "Hata mimi niliona hivyo lilipotoka. Lakini sisi kazi yetu ilikuwa kufuata karatasi ya mtu."

Muuguzi alikuwa amesimama. "Mama, naomba uondoke."

"Mwache amalize chai," baba yake alisema.

"Baba!"

"Amalize chai."

Mama Chapa alimaliza chai, kwa sababu aliambiwa aimalize. Muuguzi alimsindikiza mpaka getini, hatua mbili mbele yake. Pale getini aligeuka.

"Mama yangu alikufa akiamini kwamba ameolewa na mzembe. Wakigombana, hilo ndilo lililokuwa fimbo yake: mtu gani haoni hata penseli nyekundu? Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo nikiwa msichana. Nilimwambia baba yangu hivyo. Huyo mama utamwambia wapi?"



"Unataka nifanye nini?" Mama Chapa aliuliza.

"Andika. Uandike na uweke sahihi. Kisha upeleke kila mahali ulikopeleka lile la kwanza."

Aliandika Jumapili, kwa mkono, karatasi moja. Alisema yeye ni nani, aliona nini, aliacha nini, aliulizwa nini na alijibu nini. Hakutaja ujana wala hofu ya kazi. Mdogo wake alimshauri aweke hata mstari mmoja wa kujitetea. Alikataa, akasema hiyo ni prufu, si barua. Jumatatu akaituma kwa mzee aione kwanza.

Jumatano muuguzi alipita kati ya mabunda akaweka karatasi ileile mezani, bila salamu. Mstari wa tano ulikuwa umezungushiwa duara jekundu.

"Baba anasema urudie. Kuna neno limeandikwa mara mbili."

Mama Chapa alivaa miwani. Ilikuwa kweli: "kwa kwa makusudi".

"Mwambie nimeona," alisema. "Mwambie narekebisha."

Mdomo wa muuguzi ulisogea kidogo, ukarudi mahali pake. Alikaa akangoja mpaka nakala mpya ilipoandikwa, akaisoma yote, akaondoka na moja kwa ajili ya baba yake.

Mkutubi wa maktaba kuu alikuwa mtu mwangalifu. Aliitoa kadi kwenye droo, akailaza mbele yake pamoja na karatasi, akaangalia moja baada ya nyingine.

"Mama, hii kadi tuliandika kwa neno lako."

"Ndiyo. Sasa iandikeni tena kwa neno langu."

"Usinielewe vibaya. Lakini tutajuaje kwamba hili la pili ndilo la kweli?"

"La kwanza lilinifaa," alisema. "Hili halinifai."

Mkutubi alifikiri, akachukua kadi mpya. Siku hizi imeandikwa: Chapa ya kwanza hutambuliwa kwa neno "moto" badala ya "moyo", uk. 47. Kosa liliachwa kwa makusudi na msahihishaji wa prufu. Tazama tamko lake. Tamko limehifadhiwa kwenye bahasha, nyuma ya kadi.

Habari zilienea, kwa kuwa wapenda vitabu ni wachache na wote wanajuana. Daktari wa meno alikuja mwenyewe, amefurahi kupita kiasi: kitabu chake sasa kilikuwa na kisa, na kitabu chenye kisa hutafutwa zaidi. Mama Chapa alimwomba asimwambie habari hizo tena. Wafanyabiashara wawili wa vitabu waliacha kumletea kazi. Walisema kama aliweza kuficha lile, nani ajue ameficha mangapi, na hakuwalaumu, kwani angekuwa wao angefanya vivyo hivyo. Mjini wakapata mzaha: "Kumbe hata Mama Chapa ana chapa ya pili!" Shemeji yake ndiye aliyemletea mzaha huo, akiwa hana hakika kama acheke. Mama Chapa alisema umetungwa vizuri.

Wateja walipungua, kisha wakarudi kidogo kidogo, si wote. Aligundua kwamba sasa alikuwa anachukua muda mrefu zaidi kwa kila kitabu, na kwamba alipokuwa hana hakika alisema hana hakika. Zamani hakuwahi kusema hivyo. Baadhi ya watu hawakupenda. Walikuwa wamekuja kutafuta jibu, si mashaka. Muuguzi hakukiuza kitabu cha baba yake. Kampuni moja ya mnada ilimwandikia mara mbili, naye hakujibu.

Mzee Vidole hakumwita Mama Chapa tena, wala yeye hakujialika. Lakini mara tatu katika mwaka ule, mtu alifika ofisini na kitabu cha kale akisema ametumwa na mtengeneza mihuri, ambaye amemwambia nenda kwa yule mama, mwambie aangalie vizuri.

Mzee alifariki kipindi cha mvua zilizofuata, mchana, akiwa kitini kwake. Mama Chapa alipata habari kwa shemeji. Alikwenda msibani na mdogo wake, akakaa nyuma kabisa karibu na ukuta, mahali maji yalipokuwa yakidondoka kutoka kwenye turubai. Watu walikuwa wengi. Wengi wao walikuwa na mihuri yake kwenye droo za ofisi zao. Muuguzi alipita na birika la chai akihudumia wageni. Alipofika safu ya nyuma alisimama, akamtazama yule mama mzee na bega lake lililolowa. Akaweka birika chini, akaenda, akarudi na kiti, akakiweka pakavu.